Riwaya Imekwama Sura ya Saba: Namna ya Kuikwamua

Swali huja kwa namna nyingi, lakini ni lilelile. "Nilianza vizuri, nikafika sura ya saba, sasa mwezi wa pili sijaandika kitu." "Hadithi yote ninayo kichwani, nikikaa kuandika haitoki." "Nimeanza riwaya nne, hakuna niliyoimaliza." Anayeuliza kwa kawaida anataka kuambiwa atapata wapi hamasa. Hamasa sitaigusa sana hapa, maana wengi waliokwama wanayo tele. Wasingekuwa nayo wasingehangaika kuuliza. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi. Kuna jambo ndani ya hadithi ambalo mwandishi hajaliamua, na mkono unagoma kwenda mbele kabla halijaamuliwa. Hatua zilizo hapa chini ni za kulitafuta jambo hilo, kuliamua, kisha kuurudisha mkono kazini kidogokidogo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye angalau kurasa 30 mkononi. Kama hujaandika hata ukurasa mmoja, wewe hujakwama, hujaanza, na dawa yako ni nyingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Mswada wote mahali pamoja. Kama nusu iko kwenye simu, robo kwenye daftari na nyingine umejitumia WhatsApp usiku wa manane, ukusanye kwanza. Kisha jitumie nakala kwa barua pepe. Simu huibiwa kwenye daladala, na kompyuta hufa bila kuaga.

Kauntabuku moja. Hii si ya kuandikia riwaya, ni ya kuandika mambo yanayoihusu riwaya: maswali, maamuzi, majina, mambo ya kurekebisha baadaye. Nitaiita daftari la pembeni.

Kalamu za rangi mbili, simu yenye kinasa sauti, na mtu mmoja wa kumsimulia. Mtu huyo asiwe mwandishi. Shangazi anayependa stori anafaa kuliko mhitimu wa fasihi.

Nusu saa kwa siku, muda uleule kila siku, kwa wiki mbili. Alfajiri kabla watoto hawajaamka, au mapumziko ya mchana kazini, utajua mwenyewe. Usiahidi saa tatu ambazo huna.

Huhitaji kompyuta mpya, wala chumba cha peke yako, wala safari ya Zanzibar kutafuta utulivu. Mwaka 1978, akiwa mahabusu katika gereza la Kamiti nchini Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Sikwambii hivyo ili uone haya. Nakwambia ili usikope hela ya laptopu ukidhani ndiyo tiba.

Mfano tutakaoutumia

Ili tusizungumze hewani, tuchukue riwaya moja ya kubuni. Mzee Shomari, nahodha mstaafu wa jahazi, amefariki Bagamoyo. Ameacha shamba la minazi na watoto wawili: Rajabu, aliyehamia Dar es Salaam miaka mingi, na Mwanahawa, aliyebaki kumuuguza. Sura sita zimekwisha. Sura ya saba watu wamekaa msibani, wanaume nje kwenye jamvi, wanawake ndani, kahawa inazungushwa, na mwandishi hajui mtu yeyote aseme nini. Kahawa imezungushwa mara nne. Hapo ndipo alipoachia kalamu.

Hatua ya 1: Pima kilichokwama ni nini

Chukua karatasi, umwandikie rafiki barua ya maneno 200 kuhusu jambo lolote: mvua, mpira, harusi uliyokwenda. Si lazima uitume.

Barua ikikushinda, tatizo haliko kwenye riwaya. Umechoka, unaumwa, una msiba, au una deni linalokukosesha usingizi. Funga mswada, shughulikia hilo kwanza, na usijiite mwandishi mbovu kwa sababu ya malaria.

Barua ikitoka vizuri, jaribu aya moja ya riwaya kutoka sehemu nyingine kabisa, kwa mfano siku jahazi la Mzee Shomari lilipopigwa na tufani. Aya hiyo nayo ikitoka, riwaya ni nzima na kilichokwama ni sura moja tu. Nenda hatua ya 2.

Ikiwa barua inatoka lakini hakuna kipande chochote cha riwaya kinachotoka, huenda ni woga: watasemaje, Kiswahili changu kinatosha, nani atachapisha. Anza na hatua ya 6, kisha urudi ya 2.

Hatua ya 2: Rudi nyuma usome, usisahihishe

Soma kwa sauti. Kama mswada ni mrefu, soma sura tatu za mwisho. Kalamu moja iweke alama pale ulipochoka kusoma, nyingine iweke alama pale uliposahau kwamba mwandishi ni wewe. Usiguse tahajia, usibadilishe neno.

Unachokitafuta ni mahali hadithi ilipopoteza nguvu, na mahali hapo si pale ulipoachia kalamu. Kosa huwa nyuma, kurasa 10, kurasa 20, wakati mwingine sura nzima. Katika mfano wetu, sura ya tano Rajabu alifungua kasha la marehemu akaikuta hati ya shamba imekunjwa vizuri juu ya kanzu. Basi. Hakuna anayetafuta kitu tena, hakuna anayeficha kitu, na ndiyo maana sura ya saba watu wanakunywa kahawa. Mwandishi amekaa wiki tano anaitibu sura ya saba, na mgonjwa ni sura ya tano.

Angalia sana usianze kuipamba sura ya kwanza. Hili ndilo kosa linaloua riwaya nyingi kuliko yote mengine. Kuna watu wana sura ya kwanza iliyoandikwa upya mara kumi na tano na hawajawahi kuiona sura ya nane.

Hatua ya 3: Isimulie kwa mdomo, uirekodi

Hatua hii watu huiruka kwa kuona aibu, na ndiyo inayosaidia kuliko zote. Sisi ni watu wa kusimulia. Mtu anayeshindwa kuandika ukurasa mmoja anaweza kukaa kibarazani akakueleza ugomvi wa majirani kwa dakika arobaini, na usinyanyuke.

Mkalishe yule mtu wako. Washa kinasa sauti. Msimulie riwaya yako kama umbea, si kama muhtasari wa darasani. Usiseme "riwaya inahusu dhamira ya mirathi na usaliti". Sema, "Sasa yule mzee kafa, si unajua alikuwa na shamba? Mtoto wa kiume kaja mbiombio kutoka mjini na gari si lake..." Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Baadaye sikiliza ulichorekodi, na kwenye daftari la pembeni uandike mambo matatu:

Kwanza, uliruka nini? Ulichokiruka ukisimulia, hata msomaji angekiruka. Kama hukumsimulia shangazi kurasa nane za historia ya Bagamoyo, labda hazihitajiki.

Pili, ni wapi alikwambia "enhe, ikawaje?" Hapo pana uhai.

Tatu, ni wapi ulisema "hapo bado sijaamua", au ulianza kubabaika, au ulitoa majibu mawili? Hapo ndipo palipokwama. Mwandishi wetu alisema, "Rajabu akaipata hati, au labda asiipate kwanza." Shangazi naye akauliza, "Kwani huyo dada aliyemuuguza baba miaka yote hiyo hakujua hati iko wapi?" Swali moja la mtu asiyejua msuko, yaani mpangilio wa matukio, ni nini, na riwaya nzima imesimama juu yake.

Ukipenda maneno hayo yawe maandishi, kibodi ya Gboard inaandika Kiswahili ukiiongelesha. Hukosea majina na haijali nukta wala mkato, kwa hiyo itumie kwa kumbukumbu tu, si kwa kutengeneza sura.

Hatua ya 4: Fanya uamuzi

Andika swali juu ya ukurasa: Kwa nini Mwanahawa hajasema hati iko wapi? Chini yake andika majibu kumi. Ni lazima yafike kumi, hata kama la saba ni la kipuuzi.

Majibu matatu ya mwanzo yafute karibu kila mara. Hayo si yako, umeyaokota kwenye tamthilia: mimba ya siri, ajali ya gari, kumbe wote ni ndugu wa damu. Na tafadhali, mhusika asizinduke akakuta ilikuwa ndoto. Jibu lako huanza kuonekana kwenye la tano au la sita, pale akili inapoishiwa na vya kuazima.

Kila jibu lipime kwa maswali haya. Je, linamfanya mtu atake kitu leo, si mwakani? Je, kuna anayemzuia? Je, akikikosa atapoteza kitu kinachouma?

Tuseme mwandishi amechagua hili: Mwanahawa aliiondoa hati kwenye kasha baba akiwa hai bado, kwa sababu shamba limewekwa rehani, na fedha ya rehani ndiyo iliyomsomesha Rajabu. Mzee alimwapisha binti asimwambie kaka yake. Sasa turudi msibani. Kahawa ileile, jamvi lilelile, lakini Rajabu akisema tu "nimesoma kwa jasho langu", chumba cha wanawake kinanyamaza kwa sababu mmoja wao amekiacha kikombe mkononi. Hujaongeza tukio hata moja. Umeamua jambo moja.

Sasa, sura ya tano lazima ibadilike, kasha liwe tupu. Usirudi kuibadilisha leo. Andika kwenye daftari la pembeni "Sura ya 5: kasha tupu", kisha endelea na ya saba kana kwamba marekebisho yamekwisha kufanyika. Anayerudi nyuma kila akifanya uamuzi mpya hafiki mwisho, kwa sababu maamuzi ya namna hiyo yatakuwa mengi.

Na uamuzi si kiapo. Ukifika sura ya kumi na mbili ukaona rehani haikufaa, utaibadilisha.

Hatua ya 5: Uliza usichokijua

Mara nyingine mkono unagoma kwa sababu mwandishi hajui jambo lenyewe linavyokwenda, na anaona aibu kukiri. Anataka kuandika ugomvi wa mirathi lakini hajawahi kuona mirathi ikifunguliwa. Matokeo yake wahusika wanapiga kelele bila kufanya chochote.

Tanzania Bara, familia kama hii kwa kawaida hukaa kikao cha ukoo kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kikao kina katibu na muhtasari, na muhtasari ule hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Na kwa kuwa hawa ni Waislamu, litakuja suala la mafungu: fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya fungu la binti. Tazama ulichokipata. Una kikao ambacho mjomba anaweza kutaja jina lisilotarajiwa. Una katibu anayeweza kuandika kisichosemwa. Una dada aliyeuguza peke yake na atapata fungu dogo kwenye shamba ambalo, kwa anavyojua yeye peke yake, huenda lisiwe lao tena. Hizo ni sura tatu, na zimetoka kwenye utaratibu wa kawaida wa serikali na dini.

Nenda kaulize. Karani wa mahakama, imamu, mzee wa mtaa, nahodha pale ufukweni. Watu hupenda kueleza kazi zao wakiulizwa kwa adabu. Jiwekee kikomo cha mchana mmoja, kwa sababu utafiti nao ni maficho mazuri sana ya kukwepa kuandika. Kitakachobaki hujakijua, weka alama ndani ya mswada, [ULIZA: rehani ya shamba huandikwa wapi?], na upite.

Hatua ya 6: Liandike tukio vibaya kwa makusudi

Weka saa ya simu dakika 20, kisha ilaze simu kifudifudi. Andika tukio lililokwama bila kufuta chochote. Ukikosea, andika tena mbele yake. Ukikosa neno, weka mstari, uendelee. Kama unaandika kwenye kompyuta na mkono wako una tabia ya kufuta, punguza mwanga wa skrini usione herufi, au hamia kwenye karatasi.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Wengi wetu tulifundishwa kuandika kwa insha za shule, na mwalimu alitupa alama kwa msamiati mzito. Tukianza riwaya, yule mwalimu bado amesimama nyuma ya kiti. Matokeo ni mazungumzo ya namna hii:

"Kaka yangu mpendwa, ningependa kufahamu ni kwa sababu gani umeamua kurejea nyumbani mapema kuliko ilivyotarajiwa," alisema Mwanahawa kwa huzuni kubwa.

Hakuna mtu aliyezaliwa na mama anayeongea hivyo. Na mwandishi akishaandika mstari huo anakwama, kwa sababu mstari huo hauwezi kujibiwa. Sasa jaribu:

"Umekuja na gari ya nani?"

"Ya rafiki."

"Rafiki gani huyo anatoa gari siku tatu?"

"Mwanahawa, mzee hata arobaini haijafika."

"Ndiyo maana nauliza."

Hakuna aliyetaja shamba, lakini limeshakaa katikati yao. Usimulizi wako unaweza kubaki kwenye Kiswahili sanifu, ni sawa kabisa. Ila watu wako waache waseme kama wanavyosema kwao. Wa Mombasa aseme Kimombasa, wa Lubumbashi aseme cha Lubumbashi. Mhariri akiwa na neno atalisema baadaye, na hapo mtabishana mkiwa na riwaya iliyokwisha.

Neno moja kuhusu methali. Anayeishiwa la kusema hukimbilia methali, na ukurasa unajaa. Kwenye rasimu ziache, ukihariri ondoa nyingi. Zinazosemwa na mhusika ili kumchoma mwenzake zibaki, zinazosemwa na msimulizi ili kufunga aya zitoke.

Hatua ya 7: Kiwango kidogo, na uachie njiani

Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa posta, alikuwa mezani saa 11:30 alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa yake mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Usimwige kasi, utaumia. Mwige kujua kiwango chake.

Kwa mtu mwenye kazi na familia, maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanatosha. Ni kama ukurasa mmoja na kidogo wa A4 uliochapwa kwa nafasi mbili. Kwa wiki 34 hiyo ni 51,000, na riwaya nyingi za Kiswahili ni fupi kuliko hapo. Siku ukipata 900, vizuri, lakini kesho unadaiwa 300 zilezile. Hakuna kuweka akiba, kwa sababu wenye akiba hupumzika wiki nzima na wiki ikawa mwezi.

Acha kuandika wakati bado unajua kinachofuata. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, ndiye aliyelisema hili mara nyingi, na linafanya kazi kwa mtu yeyote. Kama Mwanahawa ameshika kitasa cha mlango na unajua nani yuko upande wa pili, funga daftari hapo. Kesho hutakaa mbele ya karatasi tupu ukijiuliza uanze na nini, utafungua mlango. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza sura, wanashangilia, na asubuhi inayofuata wanakuta hawana pa kushika.

Hatua ya 8: Ruka panapobidi

Kama baada ya hatua zote sura bado ni nzito, andika mstari mmoja, "Hapa kikao cha ukoo kinakaa, mjomba anamtaja Mwanahawa", kisha nenda sura inayofuata. Unaweza hata kuandika sura ya mwisho. Wapo wanaohitaji kuona bandari ndipo waongoze chombo. Ila kuwa mwangalifu: ukiruka zaidi ya mara tatu utabaki na matukio matamu matupu na hakuna cha kuyaunganisha, na kazi ya kuyaunganisha ni ngumu kuliko ile uliyoikimbia.

Onyo kwa wanaotoa simulizi kwa vipande

Wengi siku hizi hutoa hadithi Facebook au kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu ya kwanza, ya pili, hadi ya hamsini, na wengine hulipwa kwa M-Pesa. Sina ubaya na mtindo huo, magazeti yetu yalilea waandishi wazuri kwa njia hiyohiyo ya "itaendelea". Lakini ndiyo njia ya haraka zaidi ya kukwama mbele za watu. Ukishatoa sehemu ya tano huwezi tena kulifanya kasha kuwa tupu, watu mia mbili wameshaiona hati. Usianze kutoa kabla hujaandika theluthi mbili, na uwe na angalau sehemu kumi mkononi kila wakati. Ukikwama katikati, waambie wasomaji tarehe ya kurudi, toka kwenye grupu, ukaandike. Ukibaki humo kujibu "admin vipi, mbona kimya?" hutaandika kitu.

Bado haiendi? Angalia hapa

"Nimesoma kurasa zangu 80, nimezichukia zote."
Chuki ya jumla haina msaada. Tafuta aya tatu ambazo huzichukii na uziwekee alama. Kama zipo, riwaya ipo. Kama hakuna hata moja, badilisha msimulizi: chukua sura moja uiandike kwa sauti ya mtu mwingine, Mwanahawa badala ya Rajabu, au "mimi" badala ya "yeye". Mara nyingi hadithi ilikuwa sahihi na anayeisimulia ndiye asiye sahihi.

"Nimepata wazo jipya, zuri kuliko hili."
Wazo jipya daima ni zuri kuliko lenye sura saba, kwa kuwa halijakutana na sura ya saba yake. Liandike ukurasa mmoja kwenye daftari la pembeni, andika tarehe, funga. Kama unazo riwaya nne zilizoanzwa, hii ndiyo sababu.

"Naogopa ndugu zangu watajiona humo."
Maliza rasimu ukiwa na woga wako, hakuna anayeisoma bado. Katika rasimu ya pili badilisha kazi, mji, idadi ya watoto na mpangilio wa matukio. Usiishie kubadilisha jina tu. Shomari akiitwa Shabani na bado ni nahodha wa Bagamoyo mwenye mguu mmoja, kila mtu atamjua.

"Mwanzo ninao, mwisho ninao, katikati sina kitu."
Kuna siri unaitunza kwa ajili ya mwisho. Itoe sasa, sura ya nane, na uone watu wanafanya nini baada ya kuijua. Msomaji akijua kuhusu rehani mapema na Rajabu hajui, kila kurasa tano utakuwa na jambo. Mwisho utapata mwingine, na utakuwa bora.

"Rafiki yangu kasoma sura tatu akasema si nzuri, tangu hapo siwezi."
Muulize alichoka ukurasa gani. Akiutaja, umepata kitu cha kufanyia kazi. Asipoutaja, hajakupa maoni, na usimwonyeshe tena mpaka riwaya iishe.

"Si riwaya tu, sina hamu ya kitu chochote. Silali, sili."
Kama hali hiyo imezidi wiki mbili, weka mswada kando na umwone daktari. Hatua hizi si za tatizo hilo.

"Nimefuata yote kwa wiki sita, sioni mwendo."
Iweke riwaya ndani ya bahasha, andika juu yake tarehe ya kuifungua, miezi mitatu kuanzia leo, na chini yake swali moja ulilokwama nalo. Katika muda huo andika hadithi fupi ya kurasa kumi hadi mwisho wake. Chagua hadithi yenye wahusika wawili na siku moja, ili usipate pa kukwepea.

"Tarehe ya mwisho ya shindano ni mwezi ujao na zimebaki sura sita."
Hesabu maneno yaliyobaki, gawa kwa siku ulizonazo, na utoe siku saba za mwisho kwa ajili ya kuhariri na kuchapa. Ikitoka zaidi ya maneno 1,000 kwa siku na una kazi ya kuajiriwa, acha shindano hili. Mashindano mengi hurudi, na riwaya inayoishia kwa haraka hutambulika mara moja: kurasa kumi za mwisho wahusika wote wanakufa au wanaoana. Ikitoka chini ya hapo, anza leo na sura ambayo umeshaisimulia kwa shangazi.